Uzi maalumu: Kuainisha vijenzi vya elektroniki forodhani, kwa sisi tunaoagiza tukiwa Dodoma na Kanda ya Kati

Mleta uzi, Dodoma

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nimeona niliandike jambo hili kwa urefu kwa sababu wenzetu wengi hapa Dodoma sasa wanaagiza vijenzi vya elektroniki wenyewe, moja kwa moja kutoka nje. Wapo mafundi wa Majengo na Makole, wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wenye miradi ya mwaka wa mwisho, na wapo vijana wanaotengeneza vidhibiti vya pampu za visima kwa wateja wa Bahi, Chamwino na Kongwa. Wanajua kuchagua kijenzi kizuri na wanajua kumbana muuzaji kwenye bei. Lakini mzigo ukishafika Dar es Salaam, iwe bandarini au uwanja wa ndege, kila kitu huachiwa wakala wa forodha, na mwenye mzigo hubaki kusubiri aambiwe alipe kiasi gani.

Ninachotaka kueleza ni kwamba kiwango cha ushuru huamuliwa na jinsi kitu kilivyo siku kinapofika, kwa mujibu wa maandishi ya sheria. Jina alilokipa muuzaji na matumizi uliyonayo kichwani mwako huja baadaye sana. Na mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kukieleza kitu hicho ni wewe uliyekiagiza, kabla hakijaondoka kwa muuzaji.

Msingi wa kazi yote ni Mfumo wa HS, yaani mpango wa dunia wa kuzipa bidhaa namba (misimbo) za forodha, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels. Mkataba wake ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na jedwali lake hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Toleo linalotumika sasa lilianza tarehe 1 Januari 2022. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza 2, kwa hiyo msimbo unaoandikwa kwenye tamko letu la forodha una tarakimu 8. Muuzaji wa China anaweza kukupa msimbo mrefu zaidi, lakini zinazokuhusu humo ni zile 6 za mwanzo tu, tena ikiwa yeye mwenyewe ameainisha sawasawa na kwa toleo lile lile.

Tarakimu 2 za mwanzo za msimbo ndizo Sura, na 4 za mwanzo ndizo kichwa. Vijenzi vingi vimekaa katika Sura ya 85. Kapasita ziko 8532, resista 8533, bodi tupu za saketi 8534. Swichi, relei, fyuzi na soketi za volti zisizozidi 1,000 ziko 8536. Daiodi na transista ziko 8541, na chipu ziko 8542. Ukitazama namba hizo utaona kwamba boksi moja la kilo 5 linaweza kubeba vichwa sita tofauti, na hapo ndipo ankara iliyoandikwa "spea za elektroniki, kasha 1" inapomweka afisa wa forodha mahali ambapo hana namna ya kukusaidia hata kama angependa. Mzigo usiojulikana ni kitu gani hauwezi kuainishwa kwa haki. Ama utafunguliwa na kukaguliwa kipande kwa kipande, ama utahesabiwa wote chini ya msimbo mmoja ambao huenda ndio ghali kuliko yote iliyomo.

Kwa fedha, hali ni hivi. Kwa bidhaa nyingi, Viwango vya Pamoja vya Ushuru wa Forodha vya Jumuiya vina ngazi nne tangu tarehe 1 Julai 2022, nazo ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Tuchukue mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000. Ukiwa kwenye asilimia 0, unalipa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 peke yake, yaani shilingi 1,800,000. Ukiwa kwenye asilimia 10, ushuru ni 1,000,000, na VAT inapigwa juu ya 11,000,000, hivyo jumla inakuwa 2,980,000. Ukiwa kwenye asilimia 25, jumla inafika 4,750,000. Hapo sijahesabu ada na tozo nyingine. Aliyesajiliwa VAT anaweza kujirejeshea VAT hiyo kwenye ritani zake, lakini ushuru wa forodha ukishalipwa kihalali umekwenda, na fundi mdogo asiyesajiliwa anabeba vyote viwili.

Sitaweka hapa orodha ya kiwango cha kila kichwa, na naomba mnielewe. Kila mwezi Juni hotuba ya bajeti inasomwa hapa hapa kwetu Bungeni, na ndani yake huwa kuna mapendekezo ya kutoza viwango tofauti na vya pamoja kwa bidhaa fulani, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja, ambayo hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya na kuanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo tafuta kwanza msimbo sahihi, halafu kiwango chake ukiangalie upya kila mwaka wa fedha unapoanza.

Mchangiaji, fundi wa Majengo

Shukrani mkuu kwa uzi huu. Nina swali. Mimi naagiza vitu vyangu vyote kwa ajili ya kutengeneza vidhibiti vya pampu za maji, na kuna mtu aliniambia kwamba nikiandika "sehemu za pampu ya maji" mzigo wote unaingia kwenye kichwa cha pampu, 8413, na kazi inakuwa nyepesi. Je, hilo ni sahihi?

Mleta uzi, Dodoma

Ndugu fundi, si sahihi, na ni vizuri umeuliza kabla hujaandika hivyo kwenye hati yenye sahihi yako.

Kuna Kanuni Kuu sita za kufasiri jedwali la HS. Ya 1 inasema kwamba uainishaji huamuliwa na maneno ya vichwa pamoja na Maelezo yaliyowekwa mwanzoni mwa kila Sehemu (kundi la Sura) na kila Sura; majina ya Sehemu na Sura yenyewe ni ya kurahisisha kutafuta tu. Watu wengi huruka Maelezo hayo na kukimbilia orodha ya namba, ilhali majibu ya vijenzi vya elektroniki yamelala humo.

Sura za 84 na 85 zinaunda Sehemu ya XVI, na Maelezo ya 2 ya Sehemu hiyo yanajibu swali lako waziwazi. Yanasema kwamba sehemu ya mashine ambayo yenyewe ni bidhaa iliyotajwa katika kichwa chochote cha Sura ya 84 au 85, ukiacha vichwa vichache vilivyotengwa, huainishwa katika kichwa chake yenyewe. Kapasita iliyonunuliwa kwa ajili ya pampu ni kapasita, nayo inakwenda 8532. Swichi ya pampu ni swichi. Baada ya hatua hiyo tu, kwa kitu ambacho hakina kichwa chake na ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya aina fulani ya mashine pekee au hasa, ndipo unapoweza kukipeleka pamoja na mashine hiyo. Gurudumu la chuma (impela) linalosukuma maji ndani ya pampu linafaa maelezo hayo. Transista haifai.

Kwa daiodi, transista na chipu sheria imekaza zaidi. Maelezo ya 12 ya Sura ya 85 yanaeleza vitu hivyo ni nini, kisha yanasema kwamba vichwa vya 8541 na 8542 vina kipaumbele juu ya kichwa kingine chochote katika jedwali zima, isipokuwa 8523, kilicho cha vyombo vya kuhifadhia data. Mikrokontrola (chipu ya kudhibiti inayopangiwa programu) uliyoinunua ikiwa bado chipu ni 8542.31, hata kama una mkataba na kijiji wa kuifunga kwenye kisima wiki ijayo.

Sasa naomba tuitazame relei, yaani swichi inayowashwa na umeme wa koili, ile ndogo ya buluu ambayo kila fundi anayo kwenye droo. Kichwa chake ni 8536, na vifungu vyake viwili (migawanyo ya tarakimu 6) vinatenganishwa na volti: 8536.41 ni cha relei za volti zisizozidi 60, na 8536.49 ni cha nyingine. Juu ya kifuniko chake pamechapwa volti mbili, yaani 5 DC ya koili, na ampea 10 kwa volti 250 AC za kontakti. Muuzaji akikuandikia "relei 5V" na afisa akasoma kifuniko, tayari kuna mabishano, na wewe huna karatasi ya kuonyesha chochote. Andika zote mbili, koili na kontakti, ambatisha datashiti yake (karatasi ya kiwandani ya maelezo ya kijenzi), na hoja ya kifungu kipi izungumzwe ikiwa na ushahidi mezani.

Relei ile ile ikiwa imeshafungwa kwenye bodi ndogo pamoja na transista, daiodi, taa na viunganishi vya skrubu, haiwi tena relei tupu, wala bodi hiyo haiendi 8534. Kichwa cha 8534 ni cha saketi zilizochapwa ambazo hazijapandishwa chochote zaidi ya kile kilichopatikana katika uchapaji wenyewe. Mara kijenzi kimoja kinapochomelewa juu yake, kichwa hicho kimefungwa, na unatakiwa kujiuliza bodi nzima inafanya kazi gani. Ikiwa ina relei 8 za kuwasha na kuzima mitambo, hoja ya 8537 inaingia, kwa sababu hicho ni kichwa cha bodi na paneli zenye vifaa viwili au zaidi vya 8535 au 8536 kwa ajili ya kudhibiti au kugawa umeme.

Mchangiaji, fundi simu, Singida

Asante sana kwa elimu hii, kaka. Mimi naagiza vioo vya simu, vile ambavyo vinakuja kioo na tachi pamoja. Miaka yote wakala wangu anaandika 8517.70, sehemu za simu. Safari hii ya karibuni mfumo haukuupokea msimbo huo, akaweka mwingine, na tukaambiwa hati zirekebishwe. Nilichelewa kupata mzigo na wateja wakaniondoka. Tatizo lilikuwa nini?

Mleta uzi, Dodoma

Pole sana, kaka. Tatizo linaonekana kuwa la toleo. Kifungu cha 8517.70 kilikuwa cha toleo la 2017. Katika toleo la 2022 kiligawanywa: antena zikaenda 8517.71 na sehemu nyingine 8517.79. Kwa hiyo aliyeendelea kunakili msimbo kutoka kwenye hati za zamani alikuwa anaandika namba isiyokuwepo.

Lakini kwa skrini kuna jambo kubwa kuliko hilo. Toleo la 2022 lilileta kichwa kipya kabisa, 8524, cha moduli za skrini bapa, ziwe na tachi au zisiwe nayo. Maelezo ya 7 ya Sura ya 85 yanazieleza kuwa ni vifaa vya kuonyesha taarifa, vyenye angalau skrini, vilivyotengenezwa ili vifungwe ndani ya bidhaa za vichwa vingine kabla ya kutumika. Maelezo hayo yanatoa kipaumbele kwa 8524 juu ya vichwa vingine, na pia yanaweka mpaka, kwamba skrini ambayo tayari ina vijenzi vya kugeuza mawimbi ya video, au ambayo imeshapata sura ya bidhaa ya kichwa kingine, haimo. Kioo cha simu chenye paneli na tachi, kisicho na bodi ya simu, kwa kawaida kinaingia katika maelezo hayo. Ndani ya kichwa, vifungu vinatenganisha skrini zisizo na saketi za kuendeshea na zilizo nazo, kisha vinatenganisha LCD na OLED. Hiyo ndiyo sababu ankara inayosema "kioo cha simu" haitoshi. Inatakiwa iseme kama ni LCD au OLED, na kama ina saketi ya kuendeshea.

Kioo kitupu cha juu, kile ambacho mafundi hukibandika kwa gundi bila kubadili paneli, hakina skrini, kwa hiyo hakimo katika 8524. Kipe mstari wake peke yake kwenye ankara.

Mchangiaji, mwanafunzi wa UDOM

Shikamoo mkuu. Mimi na wenzangu tunaagiza vifurushi vya kujifunzia, ambamo kuna bodi yenye mikrokontrola, waya za kuunganishia, sensa kadhaa, taa za LED na resista. Je, tunatakiwa kuandika kila kimoja kwa msimbo wake? Na bodi yenyewe inahesabiwa kuwa kompyuta?

Mleta uzi, Dodoma

Marahaba. Maswali yako ni mawili, na la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Kwa kifurushi, soma Kanuni ya 3(b). Seti huainishwa kama kitu kimoja ikiwa ina angalau bidhaa mbili za vichwa tofauti, zimewekwa pamoja kwa ajili ya hitaji au kazi moja, na zimefungashwa ili ziuzwe kwa mtumiaji bila kufungashwa upya. Boksi la kujifunzia lenye kitabu chake cha maelekezo linaweza kutimiza masharti hayo, na msimbo wake utafuata kile kinacholipatia boksi uhalisia wake, ambacho katika mfano wako ni bodi. Ila mkinunua bodi 50 kwenye mfuko mmoja, waya kwenye mfuko mwingine na sensa kwenye mfuko wa tatu, ili mje kuzigawa wenyewe hapo chuoni, hiyo haijawa seti siku inapofika, na kila aina inatakiwa kuandikwa kwa msimbo wake.

Kwa bodi, neno "kompyuta" lina masharti yake katika Maelezo ya Sura ya 84. Mashine ya 8471 lazima iweze kuhifadhi programu na data inayohitajika, iweze kupangiwa programu kwa uhuru kulingana na mahitaji ya mtumiaji, iweze kufanya hesabu alizotaka mtumiaji, na iweze kuendesha bila mkono wa mtu programu inayobadili mwenendo wake kwa maamuzi ya kimantiki. Bodi ambayo ni kompyuta kamili, yenye prosesa, memori na mahali pa kuunganisha skrini na kibodi, kwa mfano Raspberry Pi, ina hoja nzuri ya 8471.50. Bodi ndogo ya mikrokontrola ina mabishano zaidi, na nchi mbalimbali zimewahi kuziweka bodi za namna hiyo katika vichwa tofauti, kikiwemo 8543 cha mashine za umeme zenye kazi yake ambazo hazikutajwa kwingine. Kwa mzigo mkubwa wa bodi hizo, msikisie. Ombeni uamuzi wa maandishi, kama nitakavyoeleza huko mbele.

Kwa kuwa umetaja sensa na LED, naomba niongeze, maana hapa ndipo majina yanapopotosha kuliko mahali pengine popote. Thamista, resista inayobadilika kwa joto, imekaa 8533 pamoja na resista nyingine. Kipimajoto chenye skrini kiko 9025, katika Sura ya 90, na ieleweke kwamba bidhaa za Sura ya 90 zimetolewa nje ya Sehemu ya XVI kabisa. Themostati, inayopima joto na kuwasha au kuzima kitu, iko 9032. Vitu vitatu vya joto, vichwa vitatu. Na ile resista inayobadilika kwa mwanga, ambayo kila mwanafunzi anaiita LDR, haimo katika 8533 ingawa jina lake ni resista. Ni kifaa cha semikondakta kinachohisi mwanga, na kimekaa 8541. Vivyo hivyo LED ikiwa kijenzi kimoja ni 8541.41, ikiwa moduli ni 8539.51, ikiwa balbu kamili ni 8539.52, na ikishafungwa ndani ya taa ya ukutani au ya darini inahamia 9405.

Mchangiaji, wakala wa forodha, Dar es Salaam

Nimefuatilia uzi kwa makini, na nampongeza mleta uzi. Ninaomba hata hivyo kusema jambo kwa niaba ya mawakala. Mara nyingi sisi tunaletewa hati wakati meli imekwishafika, gharama za kuhifadhi mzigo zimeanza kuhesabiwa, na mteja aliyeko mkoani hapokei simu au anajibu "andika tu spea". Katika hali hiyo wakala hana datashiti, hana picha, hana hata jina kamili la bidhaa. Mteja akinitumia ankara ya awali kabla ya kulipia mzigo wake, ninaweza kumwambia mstari upi unahitaji maelezo zaidi, na muuzaji akairekebisha bila gharama yoyote.

Naongeza mawili. La kwanza, vijenzi vingi husafiri kwa ndege, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la uthamini, inasema kwamba kwa mzigo wa ndege nauli haiongezwi katika thamani ya forodha. Kwa hiyo nauli ionyeshwe peke yake kwenye ankara, isichanganywe na bei ya bidhaa. La pili, msimbo hufungua pia milango ya taasisi nyingine. Moduli ya Wi-Fi au ya redio inahusu masharti ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kuhusu vifaa vya mawasiliano, na bidhaa nyingi za umeme zinahusu viwango vya TBS (shirika la viwango). Ukificha kazi ya kifaa ili kukwepa masharti hayo, umeharibu na uainishaji wenyewe.

Mleta uzi, Dodoma

Ndugu wakala, nakubaliana nawe kwa yote, na ndiyo maana nimesisitiza kwamba kazi hii ianzie kwa mwagizaji. Naomba niwaonyeshe wanajukwaa ankara inayosomeka ikoje. Badala ya "spea za elektroniki, kasha 1", mwambie muuzaji aandike mistari ya namna hii, kwa Kiingereza chake:

Kapasita za elektroliti za alumini, mikrofaradi 470, volti 25, vipande 2,000. Hiyo inampeleka msomaji moja kwa moja 8532.22.

Kapasita za seramiki za tabaka nyingi, nanofaradi 100, volti 50, vipande 5,000. Hiyo ni 8532.24, na neno "tabaka nyingi" ndilo linaloitenga na ile ya tabaka moja iliyo 8532.23.

Resista zisizobadilika za filamu ya kaboni, wati 0.25. Hiyo ni 8533.10. Zikiwa za filamu ya metali zinahamia 8533.21, kwa hiyo usiruhusu aandike "resista" peke yake.

Bodi tupu ya saketi iliyochapwa, tabaka 2, haina kijenzi chochote juu yake. Hiyo ni 8534, na yale maneno ya mwisho ndiyo yanayoibakiza hapo.

Kila mstari uwe na idadi yake na bei yake. Namba ya kiwandani ya kijenzi iwepo pia, kwa kuwa afisa akiitafuta mtandaoni ataikuta datashiti ile ile uliyoambatisha.

Mchangiaji, Manyoni

Je, kwa sisi wa umeme wa jua? Naagiza paneli, betri, inveta na vidhibiti vya chaji. Nimesikia kwamba vya sola vyote havitozwi ushuru.

Mleta uzi, Dodoma

Kauli ya "vyote" ndiyo inayowaumiza watu. Ziko njia mbili tofauti na zisichanganywe. Njia ya kwanza ni kiwango cha msimbo wenyewe. Njia ya pili ni msamaha uliomo katika Jedwali la Tano la Sheria ile ile ya mwaka 2004, unaohusu vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo, na maneno yake yamekuwa yakirekebishwa mara kwa mara. Msamaha una masharti, na anayeudai ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kifaa chake kimo ndani ya maneno yanayotumika mwaka huo. Hata ukiwa na msamaha, kila kifaa bado kinaandikwa kwa msimbo wake.

Seli ambazo hazijaunganishwa kuwa paneli ni 8541.42, na zilizokwisha kuwa paneli ni 8541.43. Jenereta za sola za umeme wa DC zimepewa nafasi yake katika 8501, kifungu cha 8501.71 kwa zisizozidi wati 50 na 8501.72 kwa zinazozidi hapo. Inveta iko 8504.40. Betri ya lithiamu-ioni, pamoja na zile za fosfati ya chuma zinazouzwa sana siku hizi, ni 8507.60, ilhali betri ya lithiamu isiyochajiwa upya ni 8506.50. Betri ya asidi ya kuwashia gari ni 8507.10, na nyingine za asidi ni 8507.20, kwa hiyo betri ya sola isiandikwe "betri ya gari" kwa sababu tu imefanana nayo kwa umbo.

Kidhibiti cha chaji kinahitaji uangalifu zaidi. Hoja zipo za kukiweka 8504 kwa kuwa kinabadili umeme, na zipo za 9032 kwa kuwa kinarekebisha chaji kwa kupima na kulinganisha. Datashiti inayoonyesha saketi yake inafanya nini hasa ndiyo itakayoamua.

Tahadhari nyingine inawahusu wanaofikiria kugawa kifaa kimoja vipande vipande. Kanuni ya 2(a) inasema kwamba kitu kilichofika kikiwa hakijaunganishwa huainishwa kama kitu kamili. Ukileta kava la inveta, bodi yake iliyokwisha kupandishwa vijenzi, transfoma yake na feni yake, vikiwa kwenye mzigo mmoja na vinasubiri skrubu tu, umeleta inveta.

Mchangiaji, fundi wa Majengo

Mkuu, la mwisho kwa upande wangu. Nikifuata yote haya, halafu afisa akaainisha tofauti na mimi, nafanyaje?

Mleta uzi, Dodoma

Kabla ya mzigo kuja, unaweza kuomba uamuzi wa awali wa uainishaji kutoka Mamlaka ya Mapato. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, umeweka utaratibu huo katika Ibara yake ya 3. Maombi yawe ya maandishi, yaambatane na datashiti, picha na ikiwezekana sampuli, na yaeleze msimbo unaouona wewe kuwa sahihi pamoja na Maelezo ya Sura unayoyategemea. Kwa anayeagiza bidhaa ile ile mara kwa mara, barua hiyo moja inamwondolea mabishano ya kila mzigo.

Mzigo ukiwa umeshafika na uamuzi umetolewa ambao hukubaliani nao, kifungu cha 229 cha ile Sheria ya Forodha ya mwaka 2004 kinakupa siku 30 tangu tarehe ya uamuzi kuomba kwa Kamishna uangaliwe upya. Kamishna naye ana siku 30 tangu kupokea maombi yako kukujibu kwa maandishi, na akipitisha muda huo bila kujibu, maombi yanahesabiwa kuwa yamekubaliwa. Usiporidhika na jibu lake, una siku 45 za kwenda kwenye rufaa za kodi, na kwetu mlango wa kwanza wa rufaa hizo ni Bodi ya Rufaa za Kodi. Kama ulilipa zaidi kwa makosa, maombi ya kurejeshewa yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo.

Nawe ujue upande wa pili. Ushuru uliolipwa pungufu unaweza kudaiwa ndani ya miaka 5 tangu ulipotozwa pungufu, na ukiwepo udanganyifu kikomo hicho hakikulindi. Maafisa wa ukaguzi wakifika dukani Majengo, watataka ankara, tamko, datashiti na risiti ya malipo ya kila mzigo. Vihifadhi vyote kwa kipindi hicho, kila mzigo kwenye faili lake, na barua ya uamuzi wa awali iwe juu ya faili.

Mwenye kijenzi kinachomsumbua aweke hapa datashiti yake na picha ya pande zote mbili, nasi tutakipitia kichwa kwa kichwa.